Kisu Butu Ndicho Hukata Mkono

 Leo tuzungumze juu ya kisu cha jikoni na panga la kukatia ng'ombe nepia.

Wengi huacha kisu kiwe butu wakidhani ni salama zaidi. Sivyo. Kisu butu hutaka nguvu nyingi, kikateleza juu ya kiazi na kuishia kwenye kidole. Kisu chenye makali hukata pale unapokielekeza.

Kunoa si kazi ngumu. Weka jiwe la kunolea juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, ulinyunyizie maji. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo tu, kama nyuzi 20. Kipitishe kwenye jiwe kutoka shinani hadi nchani, mara kumi upande huu na mara kumi upande ule, bila kubadilisha mwinamo. Rudia hadi kikate nyanya bila kuiponda. Usipime makali kwa kidole gumba.

Panga hunolewa kwa tupa. Libane imara, vaa glavu, na usukume tupa mbele, ukiirudisha, iinue. Ukinoa kwa fundi wa gurudumu sokoni, watoto wakae mbali na cheche.

Ukimaliza kazi, osha kisu, kikaushe, ukiweke juu asipofikia mtoto. Usikiache ndani ya karai la vyombo lenye povu. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini nyumbani kwako usimpe.

Je, mtu akikatwa? Bana kidonda kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa. Damu ikikoma, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Usipake majivu, udongo, majani ya chai wala mafuta ya taa. Nenda kituo cha afya haraka ikiwa damu haikomi, kidonda kimeachama, au kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki.

Sasa sikiliza hili vizuri. Pepopunda haletwi na kutu. Viini vyake hukaa kwenye udongo na samadi, na panga la zizini hugusa vyote viwili. Dalili huweza kuanza siku kadhaa baadaye, hata kidonda kikiwa kimepona: taya hukaza, mgonjwa hushindwa kumeza. Ugonjwa huu huua. Kwa hivyo, kidonda kikiwa kirefu au kichafu, na imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki ulichanjwa lini, nenda uchanjwe hata kama hakiumi. Mtoto naye apate chanjo zake za wiki 6, 10 na 14, maana zina kinga ya pepopunda. Beba kijitabu chake cha kliniki.

Basi jioni ya leo, kabla ya kumenya viazi, noa kisu chako. Ni mimi muuguzi wenu wa jamii. Kwaherini.