Kupima damu bila kuumwa: karatasi ya maabara husema nini?

Mtu akiingia katika kliniki ya binafsi jijini Kigali na kuomba "kupimwa kila kitu", atatolewa damu isiyozidi vijiko vichache vya chai, atalipa, na baada ya saa kadhaa au siku moja atakabidhiwa karatasi yenye majina marefu, tarakimu, na pembeni herufi mbili zinazotisha: H kwa kilicho juu ya kiwango, L kwa kilicho chini yake. Mara nyingi huachwa hapo, peke yake na karatasi yake.

Katika tarafa ya Rwezamenyo, wilayani Nyarugenge, upweke huo una sura ya ziada. Hapa, kama ilivyo Biryogo na Nyamirambo, Kiswahili ni lugha ya nyumbani, ya dukani na ya msikitini. Kilipewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini karatasi ya maabara kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Msomaji hubaki na alama ya H iliyokolezwa wino, na kisha humuuliza jirani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni namna kiwango kinachoitwa "cha kawaida" kinavyopatikana. Maabara hupima watu wengi wanaoonekana kuwa na afya njema, hupanga matokeo yao kutoka la chini hadi la juu, kisha hukata ncha zote mbili na kubakiza asilimia 95 ya katikati. Kwa hiyo, kwa ufafanuzi wenyewe, mtu mmoja kati ya 20 wasio na ugonjwa wowote ataangukia nje ya mipaka. Hesabu huzidi kuwa kali kadiri vipimo vinavyoongezeka. Mtu mzima wa afya akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau alama moja ya H au L ni takriban 64 kati ya 100. Kifurushi kikubwa cha vipimo, ambacho hutangazwa kuwa na manufaa zaidi kwa sababu ya ukubwa wake, ndicho pia kinachozalisha hofu nyingi zaidi zisizo na msingi.

Swali la pili ni watu hao waliopimwa walikuwa akina nani. Vitabu na mashine nyingi za maabara zilibeba viwango vilivyotokana na watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kigali ina sehemu yake katika kusahihisha jambo hili. Kati ya mwaka 2004 na 2006, watafiti walipima damu ya watu wazima zaidi ya 2,000 wenye afya nchini Rwanda, Kenya, Uganda na Zambia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Walikuta tofauti zisizopuuzika. Aina ya chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili zilikuwa chache kuliko viwango vya Marekani, na aina nyingine, eosinofili, zilikuwa nyingi zaidi. Watu wengi waliokuwa wazima kabisa wangehesabiwa kuwa na kasoro kama wangepimwa kwa kipimo cha Marekani.

Uchache wa nyutrofili kwa watu wengi wenye asili ya Afrika unatokana na tofauti ya kurithi kwenye chembe nyekundu, tofauti ambayo pia huwakinga na aina mojawapo ya malaria. Si ugonjwa. Eosinofili nazo hupanda kwa minyoo na mizio, kwa hiyo katika eneo letu si ajabu kuziona zikiwa juu. Hata mwinuko wa ardhi una neno lake: Kigali iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwili unaoishi mahali penye hewa nyepesi hutengeneza hemoglobini zaidi. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba mwinuko uzingatiwe kabla ya kuamua kuwa mtu ana upungufu wa damu au hana.

Basi swali la kumuuliza mhudumu wa maabara, kabla ya kuuliza bei, ni hili: viwango vilivyoandikwa hapa vimetoka wapi? Ni swali la heshima, na maabara nzuri haitalichukia.

Si kila tarakimu isiyo ya kawaida inatoka mwilini. Nyingine huzaliwa kati ya mkono na mashine. Damu ikikaa muda mrefu kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia, chembe zake huendelea kula sukari iliyomo, na kiwango hushuka kila saa inayopita. Ndiyo maana damu ya kupimia sukari huwekwa katika chupa maalumu, mara nyingi yenye kifuniko cha kijivu. Sindano ikivuta kwa nguvu hadi chembe zikapasuka, potasiamu huonekana iko juu kwa namna ya kutisha ilhali mgonjwa hana lolote. Na kreatinini, kipimo kinachotumika kukadiria kazi ya figo, hupanda kwa muda baada ya mlo mzito wa nyama iliyopikwa. Aliyekula mishikaki ya mbuzi Nyamirambo usiku na kutolewa damu alfajiri anaweza kuhofia figo zake bure. Kinyume chake nacho ni kweli, na ndicho cha hatari: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake kabla kreatinini haijavuka mpaka.

Kipo kipimo kimoja ambacho wengi wanaokwenda "kupima kila kitu" hawakipati, kwa sababu ya jina lake. Shinikizo la damu halimo ndani ya damu. Hakuna chupa inayoweza kulionyesha. Hupimwa kwa mkanda wa kufunga mkononi, kwa dakika chache, na ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi na maradhi ya moyo. Mtu anaweza kulipia kurasa tatu za vipimo vya damu na kuondoka na presha ambayo hakuna aliyeigusa. Vivyo hivyo saratani ya mlango wa kizazi haitafutwi kwa damu ya mkononi. Huchunguzwa kwa sampuli inayochukuliwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe.

Ni vipimo gani, basi, vyenye faida kwa mtu asiye na dalili? Kanuni wanayoitumia wataalamu wa afya ya jamii ni rahisi kuieleza: kipimo kina maana pale ugonjwa unapokaa kimya kwa muda mrefu, kipimo kinapoaminika, na kukiwa na tiba inayobadilisha mwisho wake. Homa ya ini aina ya C inatimiza yote matatu. Inaweza kukaa miaka mingi bila dalili huku ikiliharibu ini, na sasa huponywa kwa vidonge vya takriban wiki 12. Ndiyo sababu mwezi Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa kuitokomeza ndani ya miaka mitano kwa kupima mamilioni ya watu, wengi wao wakijiona wazima. Virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B vimo katika kundi hilo hilo, ingawa kwa hizo tiba hudhibiti badala ya kuponya.

Sukari nayo imo. Kwa mtu aliyefunga kula usiku kucha, miligramu 126 kwa desilita au zaidi ni kiwango cha kisukari. Maabara nyingine huandika kwa milimoli kwa lita, na hapo kiwango hicho hicho ni 7.0. Ukweli kwamba namba mbili tofauti kiasi hicho zina maana moja umewatia watu wengi hofu, au umewapa faraja wasiyostahili, walipobadilisha kliniki. Kugeuza sukari kutoka kipimo kimoja kwenda kingine, zidisha au gawanya kwa 18. Kipo pia kipimo kinachoandikwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita, asilimia 6.5 au zaidi ni kisukari. Hata hivyo, mwenye upungufu wa damu au aliyerithi selimundu anaweza kupata jibu lisilo sahihi, na ni vyema amwambie daktari mapema. Kwa asiye na dalili, jibu moja halitoshi kumwita mgonjwa. Hurudiwa.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna vipimo ambavyo Afrika ya Mashariki inavipenda kupita thamani yake. Cha kwanza ni kile cha taifodi kiitwacho Widal. Hutafuta kingamwili, nazo hubaki mwilini baada ya maambukizi ya zamani na huweza kuamshwa na homa nyingine. Jibu moja la Widal kwa mtu anayeishi eneo lenye taifodi linathibitisha machache sana, ilhali wengi wamemeza dawa za viuavijasumu kwa sababu yake, na dawa hizo zinaendelea kupoteza makali. Kipimo cha damu cha vijidudu vya tumbo, H. pylori, kina dosari ya namna hiyo: huendelea kusema "wapo" hata baada ya tiba kufaulu. Kipimo cha choo au cha pumzi hueleza zaidi. Asidi ya uriki ni ya tatu. Watu wengi wenye kiwango cha juu hawapati jongo maishani, na anayeumwa kifundo cha mguu usiku anaweza kuonekana ana kiwango cha kawaida siku hiyo hiyo ya maumivu.

Kishawishi cha kuamini kwamba tone dogo la damu linaweza kufichua kila siri ya mwili si cha hapa peke yake. Nchini Marekani kampuni ya Theranos, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Elizabeth Holmes, iliahidi kufanya vipimo vingi kwa matone machache ya kidoleni. Mwaka 2015 gazeti la Wall Street Journal lilifichua kuwa mashine zake hazikuweza kufanya ilichodai. Mwanzoni mwa 2022 Holmes alipatikana na hatia ya kuwalaghai wawekezaji, na mwishoni mwa mwaka huo akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 11. Waliokuwa wamepewa majibu yasiyo sahihi walikuwa watu wa kawaida waliotaka tu kujua hali zao.

Fedha ni sehemu ya hesabu, hasa kwa familia inayoishi kwa mapato ya siku. Mwanachama wa mituweli hufuata ngazi: kituo cha afya kwanza, kisha kwa barua ya rufaa hospitali ya wilaya, na humo huchangia sehemu ndogo tu ya gharama. Anayeruka ngazi na kwenda kliniki ya binafsi kwa hiari yake kwa kawaida hulipa mwenyewe bei yote. Kabla ya kufika huko, iko njia isiyodai hata faranga moja. Katika Jumapili zisizo na magari, zilizoanza jijini Kigali mwaka 2016 na sasa hufanyika mara mbili kwa mwezi, wahudumu wa afya hupima sukari, presha na uzito bila malipo kandokando ya barabara. Mwenye majibu mazuri hapo amejua sehemu kubwa ya kile ambacho kifurushi cha bei ghali kingemwambia.

Mwezi wa Ramadhani huleta maswali yake. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, ulioandaliwa na madaktari pamoja na wanazuoni, unasema kujidunga kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu, na unamtaka mwenye kisukari afungue mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 au ikipanda zaidi ya 300. Kwa vipimo vya kawaida visivyo vya dharura, maabara hutaka mtu awe hajala kwa saa nane au zaidi lakini awe amekunywa maji. Mfungaji wa saa kumi alasiri hajala, ila pia hajanywa, na damu iliyopungukiwa maji hupandisha baadhi ya tarakimu. Ni heri kungoja Shawwal.

Karatasi yenyewe ni mali ya siri. Sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, ya Oktoba 2021, inaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi mkali zaidi. Kuipiga picha na kuituma kwenye kundi la simu la familia ili "mwenye kujua atusomee" ni kuiachia njia isiyorudi. Mtu wa kuisoma ni muuguzi au daktari, naye atataka kujua mambo ambayo hayakuandikwa humo: dawa za mitishamba zinazotumika nyumbani, ambazo baadhi huumiza ini, ugonjwa wa wazazi, saa ya mlo wa mwisho.

Na atauliza kama ipo karatasi ya mwaka uliopita. Kreatinini iliyotoka 0.7 ikafika 1.1 bado imo ndani ya mipaka ya maabara nyingi na haitawekewa alama yoyote, lakini kwa mtu yule yule imepanda kwa zaidi ya nusu. Mashine haioni hilo, kwa kuwa haikumbuki. Anayeliona ni yule aliyehifadhi karatasi zote mbili katika bahasha moja.