Ini Likivimba, Moyo Nao Upimwe

Mtu mzima akivimba tumbo, macho yakawa ya manjano na chini ya mbavu za kulia pakauma, wengi wetu husema upesi: "Ini limeharibika, ni pombe hiyo." Kama hanywi, husemwa amerogwa. Lakini mara nyingine ini huumia kwa sababu ya ugonjwa ulioko kwenye moyo.

Ini na moyo vinahusianaje?

Karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupitia kwenye ini, kisha hurudi upande wa kulia wa moyo kwa mshipa mkubwa. Wakazi wa Gerezani wanakijua kituo cha mabasi ya mwendokasi: mabasi yasipoweza kuingia, foleni hurudi nyuma Mtaa wa Msimbazi. Ndivyo ilivyo damu. Moyo usipoweza kuipokea, hulundikana ndani ya ini. Ini huvimba, na maji huvuja yakajaa tumboni na miguuni. Hali hiyo ikidumu, ini huota makovu.

Amiloidi ni nini?

Ni protini zilizojikunja vibaya, zikashikamana na kujijenga katika viungo vya mwili. Zikiingia moyoni, kuta zake huwa nene na ngumu, moyo ukashindwa kutanuka ili ujae damu. Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza hutokana na chembe za uboho wa mifupa, nayo yaweza kushambulia hata ini lenyewe na figo. Ya pili hutokana na protini ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa na ini. Aina hii huwapata zaidi wazee, na wengine huirithi katika ukoo.

Moyo mgumu si jambo geni Afrika Mashariki. Mwaka 1948 Dk. J. N. P. Davies wa Kampala alieleza ugonjwa mwingine, wa makovu ndani ya moyo, ambao nao hujaza tumbo maji. Kifua kikuu pia chaweza kukaza mfuko unaozunguka moyo, zikatokea dalili kama hizo.

Dalili za kuangalia

Pamoja na uvimbe, mgonjwa huchoka na kuhema hata kwa kazi ndogo. Hawezi kulala bila mito mingi. Mishipa ya shingo hutuna. Viganja vyote viwili vyaweza kufa ganzi miaka kadhaa kabla. Presha iliyokuwa juu yaweza kushuka yenyewe.

Tufanye nini?

Mpeleke mgonjwa hospitali ya karibu, kama Mnazi Mmoja, mkaeleze dalili zote, hata ile ganzi ya mikono. Ulizeni kama moyo nao umepimwa. Kipimo cha eko huonyesha unene wa kuta za moyo, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015, ina wataalamu wa kazi hiyo.

Msimpe mizizi ya "kusafisha ini," wala dawa za presha za jirani. Baadhi ya dawa za kawaida za moyo humdhuru mwenye amiloidi. Apunguze chumvi, na atumie dawa za kupunguza maji kama alivyoelekezwa. Zipo dawa za kuzuia amiloidi isiongezeke, ingawa ni za gharama kubwa. Nazo husaidia zaidi zikianza mapema. Kwa aina ile ya uboho, kuchelewa hata miezi michache kwaweza kugharimu maisha.