Barua ya kituo ina jina moja, wanaohama ni familia nzima

Mbeya. Barua ya kupangiwa kituo cha kazi huwa fupi. Ina jina la mtumishi, kada yake, kituo anachokwenda na tarehe ya mwisho ya kuripoti.

Haina jina la mume wala la mke. Haimtaji mtoto wa darasa la tatu aliyekwisha kumzoea mwalimu wake, wala bibi aliyekuwa akibaki na kichanga mama anapoingia zamu ya usiku.

Kwa muuguzi, daktari, mfamasia au mtaalamu wa maabara anayehamia Mbeya, kazi itakuwa inamsubiri. Siku ya kwanza ataoneshwa wodi na ratiba ya zamu, na kabla ya wiki kwisha atakuwa na wenzake wa kunywa nao chai. Familia aliyokuja nayo haitakuta lolote kati ya hayo. Inabidi ianze maisha upya, na mara nyingi hapo ndipo uamuzi wa kubaki au kuomba kuondoka huanzia.

Ndiyo maana uamuzi wa kuhama unahitaji kikao cha nyumbani kabla ya kukata tiketi ya basi.

Mbeya ipi?

Swali la kwanza ni dogo, lakini limewahi kuwaponza wengi: Mbeya ipi?

Jiji la Mbeya lipo mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, kati ya safu ya milima ya Mbeya na ile ya Uporoto. Mlima Loleza umesimama juu ya mji. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, jiji lilikuwa na watu 541,603.

Lakini mkoa wa Mbeya una halmashauri saba: Jiji la Mbeya, Wilaya ya Mbeya, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Chunya. Hali ya hewa na maisha ya huko hayafanani. Tukuyu, makao makuu ya Rungwe, ni mji wa mvua nyingi na baridi. Kyela ipo bondeni kando ya Ziwa Nyasa, kuna joto na mbu. Mbarali ni tambarare ya mashamba ya mpunga.

Anayenunua masweta ya familia nzima kwa sababu barua imesema Mbeya, kumbe kituo chake ni zahanati ya Kyela, atakuwa amepoteza fedha. Anayekwenda Kyela bila vyandarua kwa kudhani mkoa mzima ni wa baridi, amejiweka kwenye hatari kubwa zaidi.

Kazi ipo ya kutosha

Kwa upande wa taaluma, jiji lina mengi ya kumpa mtumishi wa afya. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya hupokea wagonjwa kutoka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, na ina kitengo cha wazazi cha Meta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha sayansi za afya hapa, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo cha utafiti.

Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita katikati ya mji, na malori yaelekeayo mpaka wa Tunduma hupanda na kushuka milima usiku na mchana. Kwa hiyo anayefanya kazi idara ya dharura au upasuaji wa mifupa ajiandae, majeruhi wa ajali za barabarani ni sehemu ya kazi.

Lipo pia suala la lugha. Kiswahili kinazungumzwa kila mahali mjini, lakini wapo wagonjwa, hasa wazee kutoka vijijini, wanaoeleza maumivu vizuri zaidi kwa Kisafwa, Kinyakyusa au Kimalila. Mara nyingi anayetafsiri ni mtoto au mkwe wa mgonjwa, na kuna mambo ambayo mama mzima hawezi kuyasema mbele ya mkwe wake. Mgeni anayemwomba muuguzi mwenyeji amsaidie atapata historia ya ugonjwa iliyo kamili zaidi. Na mgeni anayejua kusema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, hupokewa kwa tabasamu.

Baridi na afya ya nyumbani

Mbeya ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Kisha huingia kiangazi, na miezi ya Juni na Julai ndiyo ya baridi kali. Usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa familia iliyozoea kulala na feni Temeke au Tanga, huo ni ulimwengu mwingine.

Mwinuko wa jiji hautoshi kumletea mtu mwenye afya ugonjwa wa milimani, ambao kwa kawaida huanza kusumbua kuanzia mita 2,500 hivi. Atakachoona ni kuhema kidogo akipanda vilima kwa miguu siku za mwanzo. Jikoni naye mama au baba atashangaa maharage hayaivi. Si jiko bovu. Katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo maharage na makande huhitaji muda zaidi, na kuyaloweka usiku kucha kunaokoa gesi.

Hatari ya kweli ipo kwenye jiko la mkaa. Kila msimu wa baridi kuna kishawishi cha kuliingiza chumbani, kufunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wanaoivuta huhisi kichwa kizito na usingizi, na wengine hawaamki. Mtumishi wa afya analijua hili kwa vitabu, lakini dada wa kazi aliyetoka naye pwani huenda halijui. Aambiwe siku ya kwanza, kabla hajaoneshwa mahali pa kuanikia nguo. Nguo nzito, blanketi la ziada na maji ya moto kwenye chupa iliyofungwa vizuri ni njia salama zaidi.

Mtoto mwenye selimundu anahitaji maandalizi ya pekee, kwa kuwa baridi ni moja ya mambo yanayojulikana kuamsha maumivu ya ugonjwa huo. Vivyo hivyo mtoto mwenye pumu, ambaye hewa baridi na kavu inaweza kumbana kifua. Kabla ya safari, mzazi achukue muhtasari wa matibabu kutoka kliniki ya zamani, abebe dawa za kutosha na aulizie kliniki mpya mapema, bila kusubiri mtoto azidiwe ndipo aanze kuuliza njia.

Malaria nayo ina mtego wake. Jijini ni chache kuliko pwani, na familia huanza kuvisahau vyandarua. Lakini kinga ambayo mwili umejijengea dhidi ya malaria hupungua mtu anapokaa muda mrefu bila kuambukizwa. Watoto wanaokwenda kwa bibi Tanga wakati wa likizo ya Desemba, baada ya kukaa Mbeya miaka kadhaa, wanaweza kuugua vibaya zaidi kuliko binamu zao walioishi huko siku zote. Chandarua kiwe cha kwanza kuingia kwenye begi, na homa yoyote ipimwe.

Mume anapomfuata mke

Suala gumu kuliko yote ni kazi ya mwenza.

Chukua mfano wa mkunga aliyeajiriwa Mbeya, ambaye mumewe ni fundi magari Dar es Salaam. Kama mume angekuwa mwalimu wa shule ya serikali, angeweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, akaambatanisha cheti cha ndoa na kupitisha maombi yake kwenye mfumo wa kielektroniki wa utumishi wa umma, ESS. Pamoja na hayo, ajue kwamba mtumishi anayehama kwa maombi yake mwenyewe hujigharamia, tofauti na yule aliyehamishwa na mwajiri.

Fundi hana pa kuombea uhamisho. Mtaji wake ni wateja wanaomwamini, nao hawahami. Mbeya ina malori mengi na kazi ya ufundi ipo, lakini gereji zake zina mafundi wenyeji wanaojulikana tangu zamani. Anaweza kukaa miezi sita akishika spana za watu wengine huku mkewe ndiye anayelipa kodi.

Hapo ndipo maneno ya pembeni huanza. Mke akimfuata mume, jamii huona ni kawaida. Mume akimfuata mke, ndugu watauliza nani sasa ni kichwa cha nyumba, na shemeji atafanya utani usiochekesha. Wanandoa wasipokubaliana mapema watajibu nini, na fedha zitakuwa za pamoja kwa namna gani, utani huo utahamia chumbani.

Wengine huchagua kuishi mbalimbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, safari ya basi ya kutwa nzima. Zipo ndege zinazotua Uwanja wa Songwe, lakini nauli yake si ya kila mwezi kwa mshahara wa kawaida. Nyumba mbili ni kodi mbili, luku mbili na mitungi miwili ya gesi. Na mtumishi wa zamu hana Jumamosi ya uhakika: mume anaweza kusafiri kutwa nzima akafika na kukuta mkewe anavaa sare kuingia usiku.

Kuishi mbali kunaweza kufaa kwa muda, endapo una mwisho unaojulikana. Miezi sita ya kumalizia wateja na kutafuta eneo la gereji ni mpango. "Tutaona mbele ya safari" si mpango.

Nani atabaki na mtoto?

Zamu ya usiku ndiyo hupima familia ya mtumishi wa afya. Pwani alikuwapo bibi, mama mdogo au jirani wa miaka mingi. Mbeya hakuna hata mmoja wao, angalau kwa miezi ya mwanzo.

Kumwachia dada wa kazi wa miaka 18, naye mgeni wa mji, mtoto wa mwaka mmoja usiku kucha ni uamuzi mzito. Familia nyingine humwomba bibi aje kwa miezi mitatu ya kwanza. Hilo ni jema, mradi aulizwe kwanza kuhusu magoti yake na shinikizo lake la damu, na asichukuliwe kama mfanyakazi asiyelipwa. Mtumishi naye azungumze na muuguzi kiongozi wa wodi mapema, aeleze ana mtoto mdogo na mwenza bado hajafika. Ratiba haitapangwa kwa ajili yake peke yake, lakini msimamizi anayejua hali ya mtu anaweza kumpangia zamu kwa busara kuliko asiyejua.

Kwa mtoto wa shule, wazazi wafuatilie uhamisho kabla ya kuondoka, ikiwamo namba yake ya PReM, ambayo shule mpya itaihitaji. Inapowezekana, ahame wakati wa likizo. Kuingia darasa geni katikati ya muhula, katika mji wa baridi, huku baba yupo mkoa mwingine, ni mizigo mitatu kwa mkupuo mmoja.

Usikimbilie kodi ya mwaka

Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka. Mgeni aliyetumiwa picha kwenye simu hulipa, kisha hugundua kwamba nyumba ipo mlimani ambako bajaji hazipandi mvua ikinyesha, au Uyole wakati kazi yake ipo upande wa pili wa jiji.

Mji umejipanga kufuata barabara kuu, na lori moja likikwama, daladala zote husimama. Kwa anayemaliza zamu usiku, umbali kutoka kituoni ni suala la usalama kuliko hata la nauli. Ni afadhali kulala nyumba ya wageni au kwa mwenzake kazini wiki mbili, apite mtaani kwa miguu asubuhi na usiku, aulize majirani kuhusu maji na wizi, ndipo alipe.

Hesabu hiyo nayo iletwe kwenye kikao cha nyumbani, pamoja na maswali mengine manne. Mwenza atafanya kazi gani, na tutasubiri kwa muda gani? Usiku nani atakuwa na watoto? Mgonjwa wetu wa nyumbani atatibiwa wapi? Na tukiona mambo hayaendi, tutakaa tena lini kuzungumza?

Swali la mwisho lipewe tarehe. Julai ya kwanza, baridi inapouma na wote wanakumbuka nyumbani, si wakati mzuri wa kuamua. Wakae tena mvua zikishaanza, mwenza akiwa amejaribu kazi na watoto wamepata marafiki, na kila mmoja, mtoto mkubwa akiwamo, aseme kwa kinywa chake kama anataka kubaki.