Ua la njano ukutani, mtoto anatambaa chini yake

Ukipita mitaa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utaliona: ua la njano lenye umbo la tarumbeta, limemwagika juu ya ukuta katikati ya majani yanayong'aa. Ni mmea wa alamanda, asili yake Amerika Kusini. Wauza miche huusifia kwa mambo mawili ya kweli: haupukutishi majani, na penye joto huchanua karibu mwaka mzima.

Kinachosahaulika kusemwa pale kitaluni ni utomvu wake. Vunja tawi, yatatoka maziwa meupe kama ya mnyaa. Yanawasha ngozi na kuumiza macho, na mtoto akitafuna jani au ua huweza kutapika na kuharisha. Si habari mpya. Mtaalamu wa mimea Carl Linnaeus aliuandika mwaka 1771 kwa jina Allamanda cathartica, na neno hilo la pili linamaanisha kuharisha.

Je, mzazi aung'oe? Si lazima. Swali ni wapi uwe. Nguzo ya baraza, ambako watoto hucheza na maua huangukia kwenye mkeka, si mahali pake. Wala karibu na banda la mbuzi. Ukuta wa nje wenye jua kutwa unaufaa zaidi, tena kivulini hutoa majani mengi na maua machache. Kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa na kuokota kila kitu, mmea huu usubiri miaka michache. Ukuta hauendi popote.

Kuuotesha ni rahisi. Kata kipande cha tawi, acha utomvu ukauke, kisha chomeka kwenye udongo usiotuamisha maji, uliochanganywa na samadi iliyooza. Alamanda haina vikonyo vya kujishikiza, hivyo funga waya ukutani na uyaelekeze matawi kwa kamba laini. Usipoyafunga yatarukia paa la jirani, kwani unaweza kufika mita 6. Sehemu za baridi kali kama Makete usijisumbue nao.

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, ndiyo maana kupogoa kabla ya masika huuongezea maua. Kazi hiyo ni ya mtu mzima, mwenye glovu na mikono mirefu, na matawi yaliyokatwa yaondolewe siku hiyohiyo. Watoto hupenda kuyafanya fimbo.

Utomvu ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, kisha nenda hospitali. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika, na maziwa yasiwe sababu ya kuchelewa kumpeleka kwa daktari. Beba kijitawi ndani ya mfuko wa plastiki, au piga picha ya mmea kwa simu, daktari auone.