Kilimo cha Atichoki, na Jinsi ya Kuivusha Wakati wa Baridi

Mkulima wa nchi za milimani, mboga ielezwayo hapa huenda hujaionja. Atichoki asili yake ni nchi za kando ya Bahari ya Mediterania, nayo ni jamaa ya alizeti. Majani yake ni makubwa, yenye rangi ya kijivu, na mmea hufikia kimo cha futi 4 au 5. Kiliwacho si jani wala mzizi, bali ni tumba la ua kabla halijachanua. Mmea ukitunzwa huzaa miaka 3 hata 5. Lakini mtu anayeanza huweza kuupoteza katika baridi ya kwanza. Kwa hiyo isome kwa makini sehemu ya 4.

1. Mahali. Hupenda nchi zenye ubaridi, kama Lushoto, Njombe au Limuru. Penye joto jingi tumba hufunguka upesi, likawa gumu. Chagua udongo mwepesi wenye rutuba, usiotuamisha maji. Usipande bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, nayo usiku huteremka kama maji na kutuama chini. Ndiyo sababu viazi vya bondeni huungua kwa sakitu, na vya mteremkoni vikasalimika.

2. Kupanda. Mbegu huota, lakini miche yake haifanani: mingine huzaa matumba madogo yenye miiba. Afadhali upate machipukizi ya mmea uliokwisha kuzaa vizuri. Chimba mashimo yenye upana wa futi 1½, tia katika kila shimo nusu debe ya samadi iliyooza, uichanganye na udongo. Acha futi 4 kati ya shimo na shimo. Panda mwanzo wa mvua, na mvua zikikatika umwagilie. Vidukari wakionekana chini ya majani, waoshe kwa maji ya sabuni.

3. Kuchuma. Kata tumba likiwa kama ngumi, magamba yake yangali yamefumbana. Anza na lile la juu, ili ya pembeni yakue. Lichemshe katika maji ya chumvi kwa dakika 30 hadi 45. Hung'olewa gamba moja moja, ikaliwa nyama laini iliyo chini yake. Kisha nywele za katikati huondolewa, ukala kitako chake, ambacho ndicho kitamu kuliko vyote.

4. Wakati wa baridi. Jua kwanza ya kuwa ubaridi wa kiasi si adui, maana bila huo mmea hauzai vema. Adui ni wawili: sakitu kali, na maji yatuamayo penye shina. Shina lililokwisha kuzaa hufa, kama mgomba uliokatwa mkungu; uhai umo katika machipukizi ya chini, nayo ndiyo ya kulindwa. Basi ukimaliza kuchuma, kata shina la zamani karibu na ardhi. Acha machipukizi 2 au 3 yenye nguvu; mengine yang'oe pamoja na mizizi, uyapande mahali pengine. Kabla ya miezi ya baridi inua udongo kuzunguka shina inchi 6, kisha weka nyasi kavu juu yake, lakini ncha changa za katikati usizifukie. Usiku usio na mawingu wala upepo ndio wa kuogopwa. Jioni yake funika kila shina kwa tenga, na asubuhi uliondoe.

Mwaka mmoja mimi niliyafunika mashina yangu kwa samadi mbichi na majani mabichi, nikidhani joto lake litayalinda. Nilipoyafunua, nusu yake yalikuwa yameoza, wala sakitu haikuwa imeyagusa. Kifuniko na kiwe kikavu.

5. Soko. Waijuao mboga hii ni wachache, na wanunuzi wake ni hasa hoteli na maduka ya mijini. Usipunguze shamba la mahindi wala la viazi kwa ajili yake. Panda mashina 6 pembeni mwa bustani, uyale nyumbani, ujifunze. Mwaka wa pili, mashina yakiwa yamevuka baridi salama, nawe umekwisha kusema na mnunuzi kwa mdomo wako mwenyewe, ndipo ugawe machipukizi na kuongeza.