Upasuaji wa kupunguza uzani: Fahamu tofauti kabla ya kuchagua

UNENE wa kupindukia si maradhi ya mataifa tajiri pekee. Utafiti wa kitaifa kuhusu maradhi yasiyoambukizwa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulibaini kuwa asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi kiwango kinachofaa. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, ilhali kwa wanaume kilikuwa asilimia 17.5.

Wengi wao wanaweza kujirekebisha kwa kubadilisha lishe na kufanya mazoezi. Hata hivyo, wapo watu ambao unene wao umefikia kiwango ambapo juhudi hizo hazifui dafu. Mtu akijinyima chakula, mwili huongeza homoni za njaa na kupunguza nguvu unazotumia, kana kwamba unajikinga dhidi ya baa la njaa. Ndiyo sababu wengi hupoteza kilo kumi mwaka huu na kuzipata zote mwaka ujao.

Kwa watu kama hawa, upasuaji wa tumbo ni tiba iliyochunguzwa kwa miaka mingi. Utafiti ulioanza nchini Uswidi mwaka wa 1987 na kuhusisha zaidi ya watu 4,000 ulionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji kuliko wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Lakini upasuaji huo una aina kadhaa, na kila aina ina faida na madhara yake. Mgonjwa anayeuliza tu ni upi unaoondoa kilo nyingi zaidi hajauliza swali kamili. Anapaswa pia kuuliza ni upi unaolingana na maradhi aliyo nayo, na ni upi ataweza kuishi nao maisha yake yote.

Nani anafaa?

Madaktari hutumia kipimo kinachojulikana kama BMI, yaani uzani kwa kilo ukigawanywa kwa kimo cha mtu katika mita kilichozidishwa kwa kimo hicho hicho. Mtu mwenye kimo cha mita 1.65 na uzani wa kilo 110, kwa mfano, ana BMI ya takriban 40.

Kwa muda mrefu, mwongozo uliotolewa nchini Marekani mwaka wa 1991 ndio uliofuatwa. Ulipendekeza upasuaji kwa mtu mwenye BMI ya 40 na zaidi, au 35 ikiwa ana maradhi yanayosababishwa na unene kama vile kisukari. Mnamo 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza masharti hayo. Sasa vinapendekeza upasuaji kuanzia BMI ya 35 hata bila maradhi mengine, na kwamba ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili.

Upasuaji huu usichanganywe na ule wa kunyonya mafuta chini ya ngozi. Huo ni wa urembo na hautibu unene wa kupindukia wala kisukari.

Upasuaji wa slivu

Hii ndiyo aina inayofanywa kwa wingi zaidi duniani wakati huu. Daktari hupitisha kamera na vifaa vyake kwenye matundu madogo, kisha hukata na kuondoa takriban asilimia 80 ya tumbo la chakula. Kinachosalia ni mfereji mwembamba unaofanana na mkono wa shati.

Mgonjwa hushiba upesi kwa sababu nafasi ya chakula ni ndogo. Isitoshe, sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni ya kuchochea njaa, hivyo hamu ya kula hupungua. Kwa kawaida, mgonjwa hupoteza takriban robo ya uzani wake katika mwaka wa kwanza au wa pili. Aliyekuwa na kilo 120 anaweza kufikia kilo 90.

Faida yake kubwa ni kwamba utumbo hauguswi. Chakula hupita njia yake ya kawaida, na upungufu wa vitamini si mkubwa kama katika aina nyingine. Huchukua muda mfupi, na daktari anaweza baadaye kuubadilisha kuwa aina nyingine ikibidi.

Kasoro yake ni kiungulia. Mfereji huo mwembamba huwa na shinikizo kubwa, na asidi hupanda kwa urahisi hadi kwenye umio. Vilevile, sehemu ya tumbo iliyotolewa haiwezi kurudishwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Upasuaji wa baipasi

Wakazi wa Nairobi wanajua jinsi barabara za baipasi zinavyoyaepusha malori na katikati ya jiji. Upasuaji huu hufuata wazo hilo hilo. Ulianzishwa miaka ya 1960 na Dkt Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, na umeboreshwa mara kadhaa tangu wakati huo.

Daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takriban mililita 30. Kisha hukata utumbo mwembamba na kuunganisha sehemu yake ya chini na kifuko hicho. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Tumbo lililorukwa haliondolewi. Hubaki mahali pake na kuendelea kutoa majimaji yake.

Wagonjwa hupoteza takriban asilimia 30 ya uzani wao. Sukari mwilini nayo hushuka upesi, mara nyingine kabla ya uzani wenyewe kupungua, kwa sababu homoni za utumboni hubadilika. Kiungulia pia hupungua.

Hata hivyo, madini ya chuma, kalisiamu na vitamini B12 hazifyonzwi vizuri. Mgonjwa anaweza kupata vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, hasa akivuta sigara au akitumia dawa za maumivu kama vile ibuprofeni na diklofenaki. Utumbo unaweza kujisokota na kuziba hata miaka kadhaa baadaye. Mtu akila au kunywa vitu vyenye sukari nyingi, moyo unaweza kumwenda mbio, akatokwa na jasho na kuhara.

Aina nyinginezo

Mkanda unaofungwa sehemu ya juu ya tumbo ulivuma sana katika miaka ya 2000, baada ya Marekani kuuidhinisha mwaka wa 2001. Wengi waliuona kuwa salama kwa sababu hakuna kinachokatwa. Lakini wengi walilazimika kurudi hospitalini mkanda uondolewe kwa kuteleza, kulika ndani ya tumbo au kutopunguza uzani vya kutosha. Leo ni madaktari wachache wanaoufanya.

Kuna pia baipasi yenye kiungo kimoja badala ya viwili. Hufanywa kwa muda mfupi na hupunguza uzani vizuri, lakini nyongo inaweza kurudi tumboni. Aina nyingine huunganisha slivu na kuruka sehemu kubwa zaidi ya utumbo. Hiyo ndiyo inayoondoa kilo nyingi kuliko zote, lakini pia ndiyo inayoleta hatari kubwa zaidi ya utapiamlo na kuharisha.

Jinsi ya kuchagua

Jambo la kwanza ni kiungulia. Nchini Ufini, watafiti waliwagawa wagonjwa 240 katika makundi mawili, la slivu na la baipasi, na kuwafuatilia. Baada ya miaka 10, asilimia 31 ya waliofanyiwa slivu walikuwa na vidonda au uvimbe kwenye umio, ikilinganishwa na asilimia 7 ya wenzao. Tofauti ya uzani haikuwa kubwa hivyo. Kundi la slivu lilikuwa limepoteza asilimia 43.5 ya uzani uliozidi, na lile la baipasi asilimia 50.7. Mwenye kiungulia sugu, basi, kwa kawaida hushauriwa afanyiwe baipasi.

La pili ni kisukari. Utafiti uliofanywa nchini Norway na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa, mwaka mmoja baada ya baipasi, karibu robo tatu ya wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walikuwa na sukari ya kawaida bila kutumia dawa. Kwa waliofanyiwa slivu, walikuwa karibu nusu. Hata hivyo, ugonjwa huweza kurejea baadaye, hasa kwa aliyeugua kwa miaka mingi.

La tatu ni dawa unazotumia. Mwenye maradhi ya viungo anayehitaji dawa za maumivu kila siku huenda akafaa zaidi slivu. Anayetumia dawa za kila siku, zikiwemo za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi au za kifafa, sharti amweleze daktari, kwa kuwa baipasi inaweza kubadilisha jinsi zinavyofyonzwa.

La nne ni hali ya tumbo lenyewe. Ni vyema kupimwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni kabla ya kuamua. Baada ya baipasi, kamera ya kawaida haifikii kwa urahisi tumbo lililorukwa, na aliye katika hatari ya saratani ya tumbo anafaa kulizingatia hilo.

La tano, ambalo wengi hulipuuza, ni uwezo wa kufuata masharti. Baada ya baipasi, vitamini na madini ni ya kila siku hadi kifo, na damu hupimwa angalau mara moja kwa mwaka. Waliofanyiwa slivu pia huhitaji virutubisho na vipimo. Anayeishi mbali na hospitali, au asiyemudu dawa hizo mfululizo, asichague aina itakayomwachia upungufu wa damu na mifupa dhaifu.

Wanawake wanaotaka watoto wanashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Wawe waangalifu, kwani uwezo wa kushika mimba huongezeka uzani unapopungua, na tembe za kupanga uzazi huenda zisifanye kazi ipasavyo baada ya baipasi.

Hatari na gharama

Katika hospitali zenye uzoefu, wanaofariki ndani ya siku 30 hawazidi 3 kati ya 1,000. Hatari kubwa ni kuvuja pale tumbo lilipounganishwa au kushonwa, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Homa, maumivu makali ya tumbo, kukosa pumzi au moyo kwenda mbio ni ishara za kurudi hospitalini mara moja.

Nchini Kenya upasuaji huu hugharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Uliza bima yako mapema na kwa maandishi kama italipia. Wanaosafiri ng'ambo kutafuta bei nafuu wakumbuke kuwa kuvuja kunaweza kutokea wakiwa wamekwisha kurejea nyumbani. Kabla ya kuondoka, wajue ni daktari yupi wa hapa nchini atakayewahudumia.

Hakikisha daktari na hospitali wamesajiliwa na Baraza la Madaktari, na umuulize daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi. Anayejua aina moja tu huenda akakushauri hiyo hiyo.

Uliza pia kuhusu dawa mpya za sindano. Semaglutide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2021 kwa kupunguza uzani, huondoa takriban asilimia 15 kwa wastani, lakini uzani hurudi kwa wengi wanapoiacha.

Upasuaji wa aina yoyote huanzisha safari tu. Baadhi ya kilo hurudi baada ya miaka michache, hasa kwa anayerejelea soda, vyakula vya kukaangwa na kukaa kitako siku nzima. Nenda kwa daktari ukiwa na orodha ya maradhi yako, dawa zako na maswali yako, na usitie sahihi kabla ya kuelezwa kwa nini aina moja inakufaa kuliko nyingine.