Fahamu: Sanaa ya uponyaji, kutoka Marangu hadi Ufipa

Kwa Mtanzania anayetaka kuelewa maonyesho ya sanaa ya uponyaji, jina la kuanzia ni Everlyn Nicodemus, msanii aliyezaliwa Marangu mwaka 1954. Alihamia Sweden mwaka 1973, na ubaguzi wa Ulaya ulimwachia kiwewe. Alipoanguka kiafya alijitibu kwa brashi: picha 84 za mfululizo wa The Wedding, za 1991 na 1992. Edinburgh, anakoishi, ilimfanyia maonyesho makubwa kuanzia Oktoba 2024 hadi Mei 2025.

Je, haya ni mageni kwa mtu wa Majengo, Sumbawanga? Sidhani. Wafipa wa huko waliyeyusha chuma katika ilungu, tanuru la udongo la takriban mita 3, lililojivutia hewa lenyewe bila mivukuto. Kabla ya moto, dawa zilizikwa ndani yake, nalo likapambwa kama bibi harusi. Chuma kilichopatikana kilisafishwa katika kintengwe, tanuru dogo la mivukuto, kisha kikafuliwa majembe. Mhunzi alihitaji uganga sawa na nyundo. Malungu kadhaa bado yamesimama Ufipa, yakinyeshewa. Mimi ningeanzisha maonyesho hapo hapo, kabla ya kujenga ukumbi wowote.